Kupanga Spika Kubwa Katika Sebule Ngumu: Mwongozo Kamili wa Kupata Taswira Nzuri ya Stirio

Sebule nyingi za nyumba mpya mijini, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, zimejengwa kwa vitu vinavyorudisha sauti: kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu na dirisha pana la vioo vya alumini. Juu ya hayo, upande mmoja huachwa wazi ili uungane na sehemu ya kulia chakula, ilhali upande wa pili una ukuta kamili. Ukiweka humo jozi ya spika kubwa za kusimama sakafuni, malalamiko huwa ni yale yale: besi inavuma kwa noti moja, mwimbaji amehamia upande wenye ukuta, na vyombo vimerundikana mahali pamoja kana kwamba spika inayofanya kazi ni moja tu. Wengi hukimbilia kubadilisha amplifaya au waya, wakati kasoro iko katika mahali spika ziliposimama na mahali msikilizaji alipokaa.

Taswira ya stirio ni hali ya kumsikia mwimbaji akiwa katikati, mahali ambapo hapana spika yoyote, huku gitaa likikaa kushoto kwake na ngoma zikisikika nyuma kidogo. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza aliyeombea hataza mfumo wake mwaka 1931, aliujenga juu ya jambo moja: kila sikio husikia spika zote mbili, na tofauti ya ukubwa wa sauti baina ya spika hizo hugeuka masikioni kuwa tofauti ndogo ya wakati, ambayo ubongo huitafsiri kuwa mwelekeo. Mpango huo husimama pale tu sauti za spika zote mbili zinapofika kwa wakati mmoja na kwa sura moja. Chumba kigumu ni kile kinachoharibu mojawapo ya masharti hayo mawili, au yote.

Mwongozo huu unaanza na kiti, kisha ndipo unafika kwenye spika. Aidha, unashikilia kwamba upande wenye ukuta ndio unaopaswa kufanywa uige upande ulio wazi, badala ya kuhangaika na kitufe cha kusawazisha kushoto na kulia. Ili hesabu zisibaki hewani, nitatumia chumba kimoja cha mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Urefu wake ni mita 5.4, upana mita 3.6 na kimo mita 2.8. Ukuta wa mbele, yaani ule ulio nyuma ya spika na unaotazamwa na msikilizaji, ni mmojawapo wa kuta fupi. Ukuta wa kulia una dirisha la vioo. Ukuta wa kushoto unakatika mita 1.9 tu kutoka ukuta wa mbele, na kuanzia hapo ni uwazi wa sehemu ya kulia chakula. Spika zina kimo cha mita 1.1, uzito wa kilo 30 hivi kila moja, wufa (vipaza vikubwa vya besi) za inchi 8 na tundu la hewa kwa nyuma.

Kabla ya kusogeza chochote

Tafuta tepu ya kupimia, uzi mrefu usiovutika, utepe wa karatasi unaotumiwa na mafundi rangi, pimamaji, kioo kidogo cha mkononi, na simu yenye programu ya kutoa milio ya hezi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) unazozitaka. Tafuta pia mtu wa kukusaidia, kwa sababu kilo 30 zinazosukumwa peke yako juu ya marumaru huishia kukwaruza sakafu au kuumiza mgongo. Spika zenye misumari ya chuma chini zisiwekwe moja kwa moja juu ya marumaru. Kila msumari ukalie kisahani chake cha chuma. Wakati wa kutafuta mahali, ondoa misumari kabisa na uweke spika juu ya vipande vya zulia vilivyogeuzwa manyoya chini, nazo zitateleza kwa urahisi.

Kisha zima nyongeza zote za amplifaya: kuongeza besi, kuongeza treble, na ile mitindo ya kuifanya sauti ionekane imezunguka chumba. Rudisha kitufe cha kusawazisha katikati. Hakikisha waya wa alama ya kujumlisha umeunganishwa na alama hiyo hiyo kwenye spika zote mbili. Waya za spika moja zikiwa zimepishana, besi hupungua na sauti ya katikati hutawanyika isijulikane inatoka wapi, na hakuna kusogeza kutakakoponya hali hiyo. Kuithibitisha ni rahisi: cheza sauti ya mtu anayezungumza katika mono, yaani sauti ile ile kwenye spika zote mbili, sogeza spika zikaribiane, kisha pishanisha waya za spika moja kwa makusudi. Mpangilio wenye besi nene zaidi na sauti iliyokaa katikati ndio ulio sahihi.

Hatua ya kwanza: kujua chumba kinavuma wapi

Wimbi la besi likigonga ukuta na kurudi hukutana na lenzake, na mahali fulani chumbani hujumlishana huku mahali pengine yakifutana. Hezi ya kwanza ya mvumo huo hupatikana kwa kugawanya kasi ya sauti kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili. Kwenye joto la nyuzi 25, sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Kwa urefu wa mita 5.4 tunapata hezi 32, na mvumo wa pili wa urefu huo huo huwa hezi 64. Kwa kimo cha mita 2.8 tunapata hezi 62. Upana wa mita 3.6 ungetoa hezi 48, lakini mvumo huo hauna nguvu kwa kuwa sehemu kubwa ya upande wa kushoto haina ukuta wa kurudisha wimbi.

Angalia namba mbili zilizokaribiana: 62 na 64. Mvumo wa kimo na mvumo wa pili wa urefu umekutana karibu mahali pamoja, na hapo ndipo penye ile noti moja inayofunika muziki mzima. Gitaa la besi likipita kwenye hezi hizo, noti huvimba. Likizivuka, noti hupungua. Mtu asiyefanya hesabu hii ataishutumu spika.

Hesabu hizi ni za chumba kilichofungwa pande zote. Uwazi, milango na dari nyepesi huzisogeza kidogo, kwa hiyo mlio wa kupima ndio mwamuzi. Cheza mlio wa hezi 63 kwa sauti ya chini, maana mlio usiokatika huchosha wufa upesi ukipigwa kwa nguvu, kisha tembea polepole kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma huku kichwa kikiwa kwenye kimo cha mtu aliyekaa. Katika chumba chetu mlio utakuwa mkubwa karibu na kuta fupi na katikati ya chumba, na utanyong'onyea kwenye mita 1.35 hivi kutoka kila ukuta mfupi. Bandika utepe sakafuni kila unapopata badiliko.

Hatua ya pili: kiti

Desturi ya kusukuma sofa hadi liguse ukuta inaeleweka, kwa kuwa inaacha nafasi ya kupita. Lakini ukutani ndiko mivumo yote ya urefu inakofikia kilele, na ukuta ulio sentimita chache nyuma ya kisogo hurudisha sauti upesi mno hivi kwamba ubongo hauwezi kuitenga na ile iliyotoka kwenye spika. Katikati kabisa ya urefu nako hakufai, kwa sababu mvumo wa hezi 32 unafutika hapo huku ule wa 64 ukiwa kileleni, na matokeo yake ni besi yenye kelele isiyo na uzito.

Kuna kanuni maarufu inayosema ukae kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba, ukipima kutoka ukuta mmoja mfupi. Ni mwanzo mzuri pale usipojua lolote kuhusu chumba, lakini katika sebule yetu ingekuweka mita 2.05 kutoka ukuta wa nyuma, mahali ambapo hezi 64 bado zina nguvu sana. Kwa kuwa tunajua adui ni nani, tunakaa pale anapodhoofika: mita 1.4 kutoka ukuta wa nyuma, yaani mita 4.0 kutoka ukuta wa mbele. Besi haitatoboka hapo, kwa sababu mvumo wa kimo wa hezi 62 hauhusiani na kusogea mbele au nyuma, nao hubaki kwa kiasi cha kutosha.

Kichwa kiwe katikati ya upana, mita 1.8 kutoka ukuta wa kulia, hata kama upande wa kushoto hauna ukuta wa kupimia. Mgongo wa sofa usipite mabega. Sofa zile zenye migongo mirefu ya ngozi zinapendeza kwa mgeni, ila huakisi sauti za juu sentimita chache tu kutoka masikioni. Tandika blanketi nene juu ya mgongo wake unaposikiliza.

Hatua ya tatu: spika moja baada ya nyingine, kwa besi

Anza na spika ya kulia peke yake. Wufa iliyo umbali fulani kutoka ukuta wa mbele hutuma besi nyuma, ambayo hugonga ukuta na kurudi ikiwa imechelewa. Umbali huo ukiwa robo ya urefu wa wimbi, sauti iliyorudi huifuta ile inayotoka. Hezi inayofutwa ni kasi ya sauti ikigawanywa kwa umbali uliozidishwa mara nne: kwenye mita 0.6 ni hezi 144, kwenye mita 1.0 ni hezi 86 au 87, na kwenye mita 1.4 ni hezi 62.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo zawadi ya chumba hiki. Wufa ikisimama mita 1.4 kutoka ukuta wa mbele, hezi ambazo yenyewe inadhoofika ndizo hasa ambazo chumba kinavimba. Kwa maneno mengine, wufa iko kwenye robo ya urefu wa chumba, mahali ambapo haiwezi kuuchochea mvumo wa hezi 64, na msikilizaji yuko kwenye robo ya upande wa pili, mahali asipousikia. Chumba chenye vipimo tofauti kitakuwa na namba zake; fanya hesabu ile ile kabla ya kuiga hizi.

Kwa pembeni, acha mita 0.6 kutoka katikati ya wufa hadi ukuta wa kulia. Jambo la kuzingatia ni kwamba umbali wa wufa hadi ukuta wa mbele, hadi ukuta wa pembeni na hadi sakafuni usifanane, kwani mashimo ya besi yatarundikana kwenye hezi moja. Mita 1.4, mita 0.6 na sentimita 35 za kimo cha wufa hutoa hezi 62, 144 na 247, zilizotawanyika vya kutosha.

Sasa cheza muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, rumba au dansi la zamani lililorekodiwa vizuri, na usogeze spika mbele na nyuma kwa sentimita 5 kila mara. Unachotafuta ni mahali ambapo kila noti ina ukubwa unaolingana na jirani yake. Ukipapata, bandika utepe, kisha fanya hivyo hivyo kwa spika ya kushoto. Ile ya kushoto itasikika nyepesi kidogo kwenye besi kwa kuwa ukuta unaoisaidia unakatika mapema. Usiisogeze mbali na mstari wa mwenzake ili kufidia. Kufanya hivyo kunaharibu taswira kwa ajili ya faida ndogo.

Hatua ya nne: pembetatu

Umbali kati ya twita mbili, yaani vipaza vidogo vya sauti za juu, sasa ni mita 2.4, na umbali wa mbele kutoka mstari wa spika hadi kichwa ni mita 2.6. Kila twita iko mita 2.86 kutoka kwa msikilizaji, na pembe kati yao ni nyuzi 50 hivi. Pembetatu sawa ya nyuzi 60 ndiyo inayopendekezwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kwa vyumba vya kazi za sauti, lakini nyuzi 50 zinafaa kabisa nyumbani, na kwa spika kubwa zenye wufa, midi (kipaza cha sauti za kati) na twita zilizoachana kwa kimo, umbali unaozidi mita 2.5 huzipa sauti hizo nafasi ya kuungana kabla hazijafika sikioni.

Hapa ndipo uangalifu unapolipa zaidi. Usipime kutoka ukutani, kwa kuwa kuta za nyumba zetu hazijanyooka. Plasta pekee yaweza kutofautiana kwa sentimita 2 kutoka kona hadi kona. Pima kutoka kichwani. Simamisha fimbo au stendi ya feni mahali pa kichwa, funga uzi kwenye kimo cha masikio, uvute hadi twita ya kulia, ufunge fundo, kisha upeleke uzi huo huo kwenye twita ya kushoto. Fundo liguse twita zote mbili, na tofauti isizidi sentimita 1. Sentimita 5 huonekana ndogo, lakini huchelewesha sauti kwa takriban sehemu 0.15 ya milisekunde, wakati tofauti kubwa kabisa inayoweza kuwapo kati ya masikio mawili, sauti ikitoka ubavuni moja kwa moja, ni kama milisekunde 0.7. Kwa hiyo sentimita 5 zinatosha kumhamisha mwimbaji.

Twita ziwe karibu na kimo cha masikio, ambacho kwa mtu aliyekaa ni sentimita 90 hadi 100. Sofa likiwa la chini sana, inamisha spika mbele kidogo kwa kuinua sehemu ya nyuma, ukitumia pimamaji ili zote mbili ziinamie sawa.

Hatua ya tano: kugeuza nyuso za spika

Anza na spika zikitazama mbele tu, kisha zigeuze kidogo kidogo kuelekea kwako. Tumia rekodi ya mtu mmoja anayezungumza au kuimba katika mono. Rekodi nyingi za zamani ni za namna hiyo. Spika zikitazama mbele mno, sauti ya mtu hutanuka na kukosa mipaka. Zikikutazama machoni moja kwa moja, mtu husimama imara katikati, lakini jukwaa lote hupungua upana na twita huweza kuchosha, hasa kwenye chumba cha marumaru. Kwa kawaida mahali pazuri ni pale mistari ya spika mbili inapokutana nusu mita hivi nyuma ya kichwa. Chumba kinachoakisi sana huhitaji kugeuza zaidi ya kilichojaa mazulia, kwa sababu spika iliyogeuzwa hupunguza sauti za juu zinazofika kwenye ukuta wa pembeni.

Pembe za spika mbili zilingane. Kikalamu cha leza kilicholazwa juu ya spika na kuelekezwa ukuta wa nyuma kitaonyesha tofauti ambayo jicho haliioni. Mtu asikae kitini wakati huo.

Hatua ya sita: upande ulio wazi na upande wenye ukuta

Hadi hapa umbali ni sawa na pembe ni sawa, na bado mwimbaji anaweza kuegemea kulia. Sababu ni hii. Sauti ya spika ya kulia hugonga ukuta wa kulia mita 2.05 kutoka ukuta wa mbele na kufika masikioni milisekunde 2 tu baada ya ile ya moja kwa moja. Upande wa kushoto, mahali pale pale, ukuta umeshaisha kwenye mita 1.9, sauti inapitiliza hadi sehemu ya kulia chakula. Kama ukuta wa mwisho huko uko mita 3.5 mbele zaidi, mwakisiko wake hurudi baada ya milisekunde 20 hivi, ukiwa umeshadhoofika. Sikio linapewa nyongeza kutoka upande mmoja tu, na kitufe cha kusawazisha hakiwezi kuiondoa, maana nyongeza hiyo imebeba sura yake na kuchelewa kwake.

Dawa ni kuufanya ukuta wa kulia unyamaze mahali hapo. Kaa kitini, na msaidizi ateleze kioo cha mkononi ukutani kwenye kimo cha masikio hadi uione twita ya kulia ndani yake, weka alama. Katika chumba hiki alama itaangukia kwenye dirisha au ukingoni mwake. Palipo na ukuta, tundika fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, iliyojazwa sufi ya madini ya unene wa sentimita 10 na kufunikwa kitambaa kinachopitisha pumzi, ikiachwa sentimita 5 kutoka ukutani. Palipo na kioo, tumia pazia zito la velveti lenye kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha ili likunjamane, likining'inia sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye kioo. Pazia jepesi la kupamba halifanyi lolote. Vivyo hivyo trei za mayai, ambazo bado zinabandikwa kwenye kuta za studio nyingi za mitaani, hazinyonyi sauti kwa kiasi chochote cha maana. Ni karatasi nyembamba tu. Sponji ya sentimita 2 nayo hunyonya sauti za juu peke yake na kuacha zile za kati, na chumba kikawa kizito bila kuwa kitulivu.

Baada ya ukuta kunyamaza, rudia sauti ya mono. Ikiwa mwimbaji bado ameegemea upande kwa kiasi kidogo, hapo ndipo unaporuhusiwa kugusa kitufe cha kusawazisha, kwa nusu desibeli au desibeli moja.

Vitu vilivyo katikati

Zulia nene kati ya spika na kiti ni lazima kwenye marumaru, mkeka hautoshi. Meza ya kioo iondolewe au isogezwe pembeni wakati wa kusikiliza. Televisheni na kabati lake vibaki karibu na ukuta wa mbele, nyuma ya uso wa spika. Kwa spika zilizo mita 1.4 mbele hilo halina shida.

Mita 1.4 hakika zinakula sebule, na si kila familia itavumilia. Suluhisho la busara ni kuwa na mahali pawili: pa kusikiliza, na pa kupokea wageni, ambapo spika zimerudishwa nyuma sentimita 60 au 70. Alama za mahali pa kusikiliza zichorwe kwa penseli kwenye mistari ya marumaru, kona mbili kwa kila spika, ili kuzirudisha iwe kazi ya dakika moja. Zikiwa nyuma na besi ikazidi, ziba tundu la hewa kwa sponji iliyoviringishwa. Na ukiamua kutumia marekebisho ya kidijitali, kwa mfano kwa kupima na programu ya bure ya Room EQ Wizard na maikrofoni ya vipimo, punguza vilele tu, kwa kiwango kile kile kwenye spika zote mbili. Shimo la besi linalotokana na mawimbi kufutana halijazwi kwa kuongeza nguvu, kwa sababu kila unachoongeza kinafutwa vile vile, na kinachochoka ni amplifaya na wufa.